Mchanga mweusi unapitisha umeme, vumbi nyekundu inakataa: juu ya nini?



Kwenye ukurasa huu tumeshasoma mara mingi ile sentensi: «Madini yetu njo iko ndani ya telefone zenu.» Ni kweli. Lakini ukimuuliza anayeisema, «Sawa, iko mule inafanya kazi gani?», mara mingi anabadilisha mazungumzo. Hata sisi wenye licence. Tunajua bei ya kilo, tunajua njia ya kupitisha mzigo, tunajua nani ananunua. Kazi yenyewe ya madini hatuijui. Na mtu asiyejua kazi ya kitu anachouza, atauza kila siku kwa bei ya mwingine.

Mimi nilisoma agronomia, si fizike. Lakini mwanaagronomia anaishi na oksidi kila siku, maana udongo wetu mwekundu ni oksidi. Basi leo nataka tuelewe jambo moja tu: kwa nini vitu viwili vilivyotengenezwa na chuma na oksijeni, kimoja kinapitisha umeme na kingine kinakataa. Ukielewa hilo, utakuwa umeshika mlango wa koltani, kasiteriti na kobalti pia.

Oksidi ni nini, seramiki ni nini

Oksidi ni metali iliyoungana na oksijeni. Kutu ni oksidi. Ukichukua unga wa oksidi, ukaukandamiza na kuuchoma kwa moto mkali sana bila kuuyeyusha, chembe zake zinashikana na kuwa kitu kigumu kama kikombe. Hiyo njo tunaita seramiki ya oksidi.

Mfano ulio karibu ni buji ya pikipiki. Ile sehemu nyeupe inayozunguka chuma cha katikati ni oksidi ya alumini. Umeme wa maelfu ya volti unapita katikati, na ile nyeupe haiuachii utoke pembeni. Ikipasuka, cheche inakimbia njia ingine na pikipiki inakataa kuwaka. Kila motari wa kwetu anajua hilo hata kama hajasikia neno elektroni.

Sasa, alumini peke yake inapitisha umeme vizuri sana. Nyaya kubwa za umeme zinatengenezwa nayo. Inakuwaje ikiungana na oksijeni inageuka kuwa ukuta?

Hesabu ya elektroni

Umeme ndani ya kitu kigumu kama hiki, mara nyingi, ni elektroni zinazotembea. Ndani ya metali, atomu zimetoa elektroni zao za nje na kuziweka kwenye fungu la wote. Elektroni hizo hazina mwenyewe, zinazunguka kote. Ukiunganisha batri, zinakwenda upande mmoja, na umeme unapita.

Oksijeni haipendi fungu la wote. Kila atomu ya oksijeni inataka elektroni mbili zaidi, na ikizipata inazishika kwa nguvu. Alumini iko na elektroni tatu za kutoa. Basi katika oksidi ya alumini, atomu mbili za alumini zinatoa sita, atomu tatu za oksijeni zinapokea sita. Hesabu imefunga. Alumini imebaki bila elektroni ya kutembeza, oksijeni imejaa hadi juu. Ili elektroni moja itoke kwenye oksijeni na kuanza kutembea, inahitaji kupewa nguvu kubwa sana, nguvu ambayo joto la kawaida haliwezi kutoa. Njo maana buji inashika umeme.

Kwa alumini hakuna njia ya pili: ndani ya oksidi zake za kawaida inatoa tatu, basi. Chuma si hivyo. Chuma iko na tabia mbili: mara inatoa elektroni mbili, mara inatoa tatu. Tuite ya kwanza chuma-2, ya pili chuma-3. Tofauti yao ni elektroni moja tu. Hiyo elektroni moja inatosha kubadilisha kila kitu.

Nyekundu na nyeusi

Vumbi nyekundu ya barabara yetu, ile inayopaka nguo wakati malori yanapita kuelekea Mambasa ao Kisangani, inapata rangi yake kwa hematiti. Ndani ya hematiti, kwa kila atomu mbili za chuma kuna tatu za oksijeni. Piga hesabu: oksijeni tatu zinataka elektroni sita, chuma mbili zinatoa tatu-tatu. Kwa hiyo chuma yote ni chuma-3. Wote sawa.

Mchanga mweusi unaobaki chini ya karai wakati watu wanaosha dhahabu, mara nyingi iko na magnetiti ndani yake. Pitisha sumaku ya spika ya redio iliyokufa, utaona chembe za magnetiti zinaruka na kuishika. Ndani ya magnetiti, chuma tatu kwa oksijeni nne. Oksijeni nne zinataka elektroni nane. Chuma tatu zitatoaje nane? Mbili zinatoa tatu-tatu, moja inatoa mbili. Kwa hiyo magnetiti inachanganya chuma-2 na chuma-3 ndani ya nyumba moja.

Sasa fikiri kijiji chenye nyumba zilizopangwa kando ya barabara. Katika kijiji cha magnetiti, nyumba moja iko na bidoni ya ziada, jirani hana. Wa kwanza anampa jirani. Nini kimebadilika? Bado kuna mmoja mwenye bidoni na mmoja asiye nayo. Kijiji kimebaki vilevile, hakuna aliyepata hasara, na bidoni imesogea nyumba moja mbele. Kesho inasogea tena. Hivyo njo elektroni inavyotembea: chuma-2 inampa chuma-3 elektroni moja, inageuka kuwa chuma-3, na aliyepokea anageuka chuma-2. Bei ya kuvuka ni ndogo sana.

Katika kijiji cha hematiti, kila nyumba iko na idadi ileile ya bidoni. Mmoja akimpa jirani, huyu anabaki na upungufu na yule anabaki na mzigo wa kupita kiasi. Wote wawili wameharibikiwa. Kwa lugha ya atomu, umetengeneza chuma-2 pembeni ya chuma-4, na chuma-4 ni kitu ambacho chuma haikubali kirahisi. Bei ni kubwa, basi elektroni inabaki nyumbani. Hematiti safi inazuia umeme mamilioni ya mara kuliko magnetiti.

Hesabu peke yake haitoshi, mpangilio pia unahesabika. Mwaka 1915 William Henry Bragg alitumia miale ya X kuonyesha jinsi atomu za magnetiti zinavyokaa. Nusu ya chuma-3 inakaa kati ya oksijeni nne. Nusu ingine ya chuma-3, pamoja na chuma-2 yote, inakaa kati ya oksijeni sita. Hawa wa kundi la sita wako karibu-karibu, umbali wa kama sehemu 3 za kumi za nanometa, na njo hao wanapitishana elektroni. Kama chuma-2 na chuma-3 wangekaa mbali kwa mbali, kuwa na bidoni ya ziada kusingesaidia kitu. Jirani lazima awe jirani.

Angalizo kwa wale watakaokimbia kujaribu na kipimo cha fundi wa redio: usipime mchanga uliolegea. Kati ya chembe na chembe kuna hewa, na uso wa chembe unaweza kuwa umeshika kutu. Utapima hewa na kutu, si magnetiti. Tafuta kipande kizima.

Baridi inapofunga barabara

Mwaka 1939 Mholanzi Evert Verwey alitangaza jambo la ajabu. Alipopoza magnetiti mpaka karibu nyuzi 153 chini ya sufuri, ghafula ukinzani wake uliruka juu kama mara mia. Maelezo yake: kwenye baridi hiyo elektroni zinaacha kuhamahama na kujipanga, kila moja mahali pake. Namna kamili zinavyojipanga ilibishaniwa zaidi ya miaka 70. Mwaka 2012 ndipo watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walipochapisha ramani yake ya kina.

Hapa kuna somo la kushika. Waya wa shaba ukipata joto unapitisha umeme vibaya zaidi, juu atomu zinatetemeka na kugonga elektroni njiani. Oksidi ambazo elektroni zake zinaruka nyumba kwa nyumba zinafanya kinyume: joto linazisaidia kuruka. Tabia hiyo iko kazini ndani ya batri ya telefone yako. Kuna kipande kidogo cha seramiki, mara nyingi oksidi za mangani na nikeli, ambacho ukinzani wake unashuka joto likipanda. Telefone inasoma mabadiliko hayo na kujua batri imepata moto. Ukiona imekataa kuchaji juu uliiacha kwenye jua, hicho kipande njo kimetoa taarifa.

Uchafu uliowekwa kwa makusudi

Mwaka 1937 Verwey na mwenzake Jan de Boer walileta kichwa kuuma kwa wataalamu. Kwa nadharia ya wakati ule, oksidi ya nikeli ilipaswa kupitisha umeme. Kwa kweli haipitishi. Mwingereza Nevill Mott njo alifungua fundo: elektroni zinachukiana, na kuweka mbili za ziada kwenye atomu moja ni bei kubwa kuliko faida ya kutembea. Ni hadithi yetu ya kijiji ambacho wote wako sawa. Mott alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1977.

Lakini tia litiumu kidogo ndani ya oksidi ya nikeli, uone. Litiumu inatoa elektroni moja tu mahali ambapo nikeli inatoa mbili. Oksijeni bado inadai mbili zake. Nani atalipa deni? Nikeli ya jirani inatoa ya tatu. Sasa kuna nikeli-2 na nikeli-3 pamoja, na njia imefunguka. Hata rangi inabadilika: oksidi safi ni ya kijani, yenye upungufu huu inakuwa nyeusi.

Kasiteriti ya Bisie, kule Walikale, ni oksidi ya bati. Ikiwa safi kabisa haina rangi na haipitishi umeme vizuri. Badilisha sehemu ndogo ya bati na antimoni, ambayo iko na elektroni moja zaidi ya kutoa, na elektroni hiyo inakosa mwenye kuidai. Tena atomu za bati ziko na nafasi pana, za mviringo, zinazogusana, kwa hiyo elektroni haihitaji kuruka, inateleza. Unapata kioo kinachopitisha mwanga na umeme kwa pamoja. Ndugu yake, oksidi ya indiumu iliyotiwa bati kama asilimia 10, njo imepakwa kwenye kioo cha telefone unachogusa sasa hivi. Tuseme ukweli lakini: bati nyingi ya dunia haiendi kwenye vioo, inakwenda kwenye risasi ya kulehemu, ile fundi anatumia kuunga waya.

Koltani: thamani ya kukataa

Wengi wanafikiri koltani inatafutwa juu inapitisha umeme sana. Hapana. Inatafutwa juu oksidi yake inakataa vizuri.

Tantali inatoa elektroni zake tano zote za nje kwa oksijeni. Hesabu inafunga kama ya alumini. Katika kondansateri, kale kadude kanakoweka akiba ndogo ya umeme, unga wa tantali unachomwa mpaka ushikane kama sponji, kisha unavalishwa ngozi ya oksidi kwa njia ya umeme: kama nanometa 2 kwa kila volti. Ngozi nyembamba vile, na bado inashika. Kwa sababu ni nyembamba na sponji iko na uso mkubwa, akiba kubwa inaingia mahali padogo. Bila hivyo telefone ingekuwa nene.

Upande wa pili wa ngozi hiyo, mara nyingi, wanaweka oksidi ya mangani inayopitisha umeme. Ngozi ikiwa na tundu dogo, umeme unavuja pale na panapata moto. Kwa moto huo oksidi ya mangani inapoteza oksijeni, inageuka kuwa oksidi ingine isiyopitisha umeme vizuri, na tundu linajiziba. Oksidi moja inakataa, ya pili inakubali, na hiyo ya pili inajua kubadilika wakati wa shida. Kutoka mashimo ya Rubaya ao ya huku msituni mpaka hapo, kilichoongezwa kwenye unga ule ni akili ya kupanga atomu.

Kobalti ya Kolwezi nayo ni hesabu ileile. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake wa Oxford walionyesha batri yenye oksidi ya kobalti na litiumu katika matabaka. Ukichaji, litiumu inatoka kati ya matabaka, kobalti inalazimika kutoa elektroni ya nne, na kobalti-3 na kobalti-4 zinakaa pamoja. Batri inapochajiwa, oksidi yenyewe inazidi kupitisha umeme. Goodenough alishiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2019.

Mipaka ya chembe, na radi ya kwetu

Kuna oksidi ambayo siri yake haiko ndani ya chembe bali mpakani. Mwaka 1971 Michio Matsuoka wa Matsushita, Japani, alieleza seramiki ya oksidi ya zinki iliyotiwa bismuti kidogo. Chembe zake zinapitisha umeme, lakini bismuti inakusanyika mipakani na kujenga vizuizi. Kila mpaka unazuia mpaka volti kama 3. Zikizidi, unafunguka ghafula. Panga mipaka 100, unapata mlinzi wa volti 300: siku za kawaida amefunga, mshtuko ukija anafungua na kuupeleka ardhini, kisha anafunga tena.

Hilo linatuhusu moja kwa moja. Utafiti wa setilaiti za NASA uliotolewa mwaka 2016 uliweka Kabare, Kivu Kusini, kuwa mahali pa pili duniani kwa radi, zaidi ya mara 200 kwa kilometa moja ya mraba kila mwaka. Mashariki yote tuko chini ya mawingu hayo. Kama shule ao kituo cha afya chenu kimeweka sola, uliza kama kuna kile kifaa, na kama waya wa ardhini umeunganishwa kweli. Mlinzi asiye na mlango wa kutokea hasaidii kitu. Na kila mshtuko mkubwa unamchosha. Iko na siku ya kubadilishwa.

Narudi shambani kidogo

Wenzangu wa agronomia, mmeshaiona hesabu hii kwenye mpunga wa bondeni. Maji yakijaa, hewa inakosekana udongoni. Bakteria wanaopumua wanahitaji mahali pa kuweka elektroni zao, na oksijeni haipo, basi wanazipa chuma-3 ya udongo. Inageuka chuma-2, ambayo inayeyuka ndani ya maji. Udongo mwekundu unapauka na kuwa wa kijivu, na mpunga ukinywa chuma hiyo kupita kiasi majani yanaota madoa ya rangi ya shaba. Mkulima anasema mpunga umelogwa. Ni elektroni moja imehama. Kukausha shamba kwa muda ili hewa iingie kunairudisha, na hiyo dawa haina bei.

Ukishika maswali matatu, oksidi yoyote utaisoma. La kwanza: metali yake iko na tabia moja ao mbili? La pili: atomu zenye tabia tofauti ziko jirani ao mbali? La tatu: kuna mgeni aliyeingia akavuruga hesabu, ndani ya chembe ao mpakani? Alumini na tantali zinajibu «moja», zinakuwa ukuta. Magnetiti inajibu «mbili, tena jirani», inakuwa njia.

Naandika haya juu wadogo zetu hapa Niania wanaacha shule wakiwa na miaka 14 kwenda kwenye mashimo, na wanatuuliza sisi tulisoma ili nini kama mchimbaji anashika pesa mbele yetu. Kuwaambia «masomo ni muhimu» hakuwashiki. Lakini siku moja niliweka sumaku kwenye mchanga mweusi mbele ya vijana sita, nikachora vijiji vile viwili chini kwa kijiti. Walibaki saa nzima, na swali la mwisho lilikuwa: «Wanaotengeneza kile cha tantali, walisoma nini?» Niliwajibu: shimi, fizike, na kupanga unga ndani ya moto. Waliandika.

Kama uko mwalimu Bunia, Isiro, Komanda, popote, sumaku ya spika haina bei na mchanga uko kila mto. Wewe unayesoma fizike, ukiona mahali pa kunyoosha, nyoosha hapa chini, tusome wote.